Uliza Bi Chuma: Nyonga inabana, nipasuliwe au nisubiri?

SWALI

Shikamoo Bi Chuma. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Morogoro, nina miaka 29. Mpira nimecheza tangu nikiwa na miaka minane. Huu ni mwaka wa tatu nasumbuliwa na maumivu ya kinena, upande wa kulia. Nikipanda basi kwenda Dar, tukifika Chalinze tayari nahangaika kwenye siti. Choo cha kuchuchumaa ni adhabu. Kwenye swala, tahiyatu naikaa upandeupande. Kwanza niliambiwa ni msuli, nikachuliwa. Halafu nikaambiwa ngiri, nusura nipasuliwe ngiri ambayo sina. Mwaka huu nimepiga eksirei na MRI, majibu yanasema kuna nundu kwenye shingo ya paja na labramu imechanika kidogo. Daktari mmoja kaniambia nisipopasuliwa haraka, nikifika 40 nyonga itakuwa imesagika na nitawekewa ya bandia. Kaka yangu yuko Muscat, yupo tayari kunilipia niende India. Ila nimesoma habari za Andy Murray, yule wa tenisi, kwamba alipasuliwa nyonga halafu akapasuliwa tena. Nifanye nini? Operesheni itaiokoa nyonga yangu kweli?

*Mwalimu wa Michezo, Morogoro*

JIBU

Marahaba, mwalimu. Nilipofika pale uliposema umechuliwa nilicheka peke yangu hapa barazani, maana sijaona mwenye nyonga ya namna hiyo ambaye hakupitia kwa mchuaji. Hata mimi nilipitia, na kazi yangu ya miaka yote ni fiziotherapia.

Swali lako lina maswali mawili ndani, na daktari wako ameyajibu kama moja. La kwanza: je, operesheni itanipunguzia maumivu? La pili: je, itazuia nyonga isisagike? La kwanza jibu lake ni huenda, na kwa wengine sana. La pili mpaka leo hakuna aliyelithibitisha. Daktari akitaka kukupasua kwa ajili ya la kwanza, kaa naye mzungumze. Akikutisha kwa la pili, mwambie asante, utarudi.

Hapa Tanga masika yakikaza, milango ya mbao huvimba. Mlango wangu wa jikoni ukifika mwezi wa tano haufungi, unagonga fremu pale juu upande wa komeo. Ukiulazimisha kila siku, rangi ya fremu inabanduka, kisha mbao yenyewe inaanza kumeguka. Nyonga yako ina shida hiyohiyo. Kichwa cha fupa la paja kinatakiwa kiwe duara kama mpira na shingo yake iwe nyembamba, ili ukilileta goti kifuani shingo ipite bila kugusa ukingo wa kikombe. Yako ina nundu pale kichwa kinapoungana na shingo. Madaktari wanaiita kamu. Wengine shida yao iko kwenye fremu, kikombe kimefunika kupita kiasi, hiyo wanaiita pinsa. Na wapo wenye zote mbili. Ukikaa siti ya chini, ukichuchumaa, ukiketi umekunja miguu, nundu inagonga ukingo. Kwenye ukingo huo kuna utepe laini unaoziba kiungo, kama ule mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha. Ndiyo labramu. Huo ndio unaochubuka mwanzo, halafu gegedu lililo jirani nalo, ule utando laini unaofunika mfupa ndani ya kiungo, linaanza kubanduka kutoka kwenye mfupa, kama ile rangi.

Nundu yenyewe, kwa kiasi kikubwa, umeiokota uwanjani. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia vijana wa soka, wa Uswisi wakawaangalia wa mpira wa kikapu, wakaona kwamba watoto wanaofanya mazoezi makali wakati mifupa bado inakua ndio wanaoota nundu hizi zaidi. Mfupa ukishafunga kukua, nundu nayo husimama. Kwa hiyo hiyo yako haikui. Ipo vilevile tangu ulipokuwa kidato cha nne au kabla, na miaka kadhaa ilikaa humo bila kukuuma. Hilo lishike, nitalirudia.

Mimi nimesoma miaka ya themanini na chuoni sikusikia neno lolote kuhusu jambo hili. Lilipata jina kwa juhudi za daktari wa mifupa wa Bern, Uswisi, Reinhold Ganz, ambaye mwaka 2003 yeye na wenzake waliandika kwamba nyonga nyingi zilizokuwa zikisagika bila sababu kujulikana, sababu ni huku kugongana. Wao walikuwa wanaifungua nyonga yote na kukitoa kichwa nje ya kikombe, kazi nzito. Baadaye ikaja njia ya matundu madogo, kamera na maji, na hapo wapasuaji wakashika kasi. Mantiki yao haikuwa mbaya: kama nundu ndiyo inayosaga, tuipige randa, kusaga kutakoma. Lakini randa ilitangulia, vipimo vikafuata nyuma miaka mingi.

Vilipokuja, vilisema hivi. Uingereza waligawa wagonjwa 348 kwa bahati nasibu katika hospitali 23, wengine wakapasuliwa kwa matundu, wengine wakapewa mazoezi ya kupangiwa mtu mmojammoja. Majibu yalitoka 2018. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na waliopasuliwa waliwapita wenzao kwa pointi 6.8 kwenye kipimo cha hali ya nyonga chenye pointi 100. Mwaka 2019 likatoka jaribio jingine la hukohuko, watu 222, na tofauti ikawa pointi 10 baada ya miezi minane. Humo kuna hesabu ambayo ningependa kila anayekwenda kupasuliwa aijue: waliopata nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe anaihisi walikuwa 51 kati ya kila 100 waliopasuliwa, na 32 kati ya kila 100 wa mazoezi. Operesheni si utapeli, inasaidia, na inawashinda wa mazoezi. Ila karibu nusu ya waliopasuliwa hawakufika pale.

Gegedu sasa. Waaustralia walichukua watu 99, nao wakawagawa kwa bahati nasibu, halafu wakalipima gegedu lenyewe kwa MRI. Baada ya miezi 12 gegedu la waliopasuliwa na la waliofanya mazoezi halikuonyesha tofauti, ingawa waliopasuliwa walikuwa wanajisikia vizuri zaidi. Nakubali, mwaka mmoja ni mfupi. Nyonga husagika kwa miaka kumi, ishirini. Lakini ndiyo hivyo: hakuna jaribio lililowafuata watu muda wa kutosha kuonyesha kwamba aliyepigwa randa akiwa na 29 ataepuka nyonga bandia akiwa na 50. Anayekuahidi hilo anakuahidi kitu ambacho hana.

Na je, ukiiacha, ni lazima isagike? Hapana. Uholanzi waliwafuata watu kama elfu moja wa miaka 45 hadi 65 waliokuwa wameanza kuumwa nyonga au goti. Baada ya miaka mitano, wenye nundu kubwa kabisa uwezekano wao wa kuharibikiwa na nyonga ulikuwa umepanda sana, karibu mara kumi. Hatari ni ya kweli, sikufichi. Lakini hata katika kundi hilo la nundu kubwa, wengi hawakufika huko. Tena ukiwachukua watu wasioumwa popote ukawapiga picha, zaidi ya theluthi utawakuta na nundu, na labramu iliyochanika utaikuta kwa zaidi ya nusu yao. Ndiyo maana mwaka 2016 wataalamu walikubaliana kwamba ugonjwa huu hausemwi kwa picha peke yake. Kuwe na maumivu, kuwe na dalili mtu akipimwa kwa mikono, na kuwe na picha. Wewe vyote unavyo, nadhani. Ila jirani yako anayecheza beki huenda ana nundu kuliko yako na anakunja nne bila habari.

Umemtaja Murray. Kwa kuwa habari zake ziko wazi, nizitumie. Alipasuliwa Melbourne Januari 2018. Mwaka mmoja baadaye, palepale Melbourne, aliwaambia waandishi huku analia kwamba maumivu hayajakwisha. Januari hiyohiyo ya 2019 akapasuliwa London, na safari hii hawakuparua nundu. Walikifunika kichwa cha paja kwa chuma na kikombe kwa chuma. Oktoba akatwaa kombe Antwerp. Watu wanasimulia kana kwamba ile ya kwanza iliharibika na ya pili ikairekebisha. Hizo ni operesheni mbili tofauti za magonjwa ya hatua mbili tofauti, na mtu anayeishi kwa kukimbia kwenye uwanja mgumu si kipimo cha mwalimu wa Morogoro.

Kipimo kilicho karibu zaidi na wewe ni mimi.

Jina la Bi Chuma sikupewa bure. Nilicheza netiboli Tanga hapa mpaka nikaolewa, na nilipokwenda kufanya kazi Uingereza nilibeba mbuzi yangu ya kukunia nazi kwenye begi. Ndiyo iliyonitoboa siri. Ramadhani ya mwaka 2009 nimeiweka chini jikoni, nimeikalia, goti liko karibu na kifua, nakuna nazi ya pili, nikahisi kitu kama mlango unaobana kidole ndani ya kinena. Nikasimama siwezi kunyooka. Nikajishika nyonga kwa mkono, kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele, kama nashika bomba. Wagonjwa wangu wote wa nyonga walikuwa wanajishika vilevile nilipowauliza wanaumwa wapi. Nikajua.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka 46, nikapasuliwa kwa matundu. Hospitali siitaji. Mpasuaji alikuwa kijana mwenye mikono mizuri na maneno machache. Alinipa picha mbili za ndani ya nyonga yangu: ya kwanza mfupa umetuna, ya pili umenyooshwa, na kwenye maji kuna vipande vyeupe vinaelea, chicha tupu. Nilizibandika kwenye friji. Miaka miwili nilikuwa mtu mpya. Wa tatu maumivu yakarudi, na haya yalikuwa mengine, yananiamsha saa nane usiku bila hata kujigeuza. 2016 nikawekewa nyonga bandia.

Kabla ya hiyo ya pili niliomba faili langu. Kwenye ripoti ya eksirei ya 2010, mstari wa nne, wameandika kwamba nafasi ya kiungo iko chini ya milimita 2. Nafasi hiyo ndiyo unene wa gegedu lililobaki, maana gegedu halionekani kwenye eksirei, unaona uwazi tu kati ya mfupa na mfupa. Na mtu mwenye chini ya milimita 2, hasa akikaribia miaka 50, mara nyingi kuparua nundu hakumfikishi mbali, huishia kwenye nyonga bandia. Mlango ulipigwa randa wakati fremu imeshaoza. Hakuna aliyeniambia. Na mimi ambaye kusoma ripoti kama hizo ndiyo kazi yangu, sikuomba kuiona. Mganga hajigangi.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia kaka yako Muscat, chukua eksirei yako urudi kwa daktari na swali moja: nafasi ya nyonga yangu ni milimita ngapi? Kwa umri wako natarajia iwe nzuri. Ikiwa nzuri, huna haraka yoyote, na wewe ni mtu ambaye operesheni inaweza kumfaa ikibidi. Ikiwa imebana, nundu si shida yako kubwa tena, na mazungumzo yanabadilika.

Na hapohapo muulize kama wamehakikisha si kitu kingine. Makala mengi ya nyonga yameandikwa kwa ajili ya Wazungu, na huku kwetu kinena cha kijana kinaweza kuuma kwa selimundu iliyokata damu kwenye kichwa cha paja, au kwa kifua kikuu cha mfupa, au kwa ufa wa shingo ya paja kwa mtu anayekimbia sana. Homa, kukonda, maumivu yanayokuamsha usiku, kushindwa kuukanyagia mguu: hivyo havingoji safu ya gazeti.

Kisha nipe wiki 12. Na nikisema mazoezi simaanishi kule kujinyoosha unakowafanyisha wanafunzi. Acha kabisa kulivuta goti kifuani ili "kufungua" nyonga. Unaugonga mlango uleule kwa nguvu zaidi. Tunachotaka ni misuli ya makalio na kiuno iwe na nguvu ya kukishika kichwa cha paja katikati ya kikombe. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua kiuno kama daraja, hesabu tano, shusha. Lala ubavu wa kushoto, nyanyua mguu wa kulia ulionyooka, kisigino kikitangulia nyuma kidogo. Simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo na uangalie kiuno kisidondoke upande. Shuka kidato cha ngazi taratibu kwa mguu mzima, goti lisikimbilie ndani. Siku tatu kwa wiki, ukiongeza uzito kila unapozoea. Kuuma kidogo kwenye misuli ni ruhusa. Kubana kwenye kinena ni marufuku. Ukimpata mtu wa fiziotherapia akufuatilie mara sita hadi kumi, utakuwa umefanya kama walivyofanya wale wa kwenye jaribio.

Maisha nayo yabadilike. Kwenye basi kalia mto mgumu au kanga mbili zilizokunjwa, ili nyonga ikae juu ya goti. Omba siti ya kwenye korido na uupeleke mguu wa kulia nje kidogo. Choo, ukiweza pata cha kukaa. Ukiswali, rukuu na sijda zikikubana, masheikh niliowauliza wameniambia mwenye udhuru anaswali kwa kiti, na mimi ndivyo ninavyoswali. Mpira usiache kuufundisha, acha kupiga mashuti ya mbali na kukata kona kali kwa miezi mitatu. Na zile diklofenaki za dukani usizile kama karanga, zinatafuna tumbo na figo.

Wiki 12 zikipita na bado huwezi kufika Chalinze, hapo operesheni ni jambo la busara, na usione haya. Ombeni kwanza sindano ya ganzi ndani ya kiungo. Maumivu yakipotea kwa saa chache, yanatoka mle ndani kweli. Mpasuaji muulize anafanya nyonga ngapi za namna hii kwa mwaka, na aliyezoea magoti usimpe nyonga yako, kwa sababu randa ikipita kidogo mno nundu inabaki, na nundu iliyobaki ndiyo sababu kubwa ya watu kupasuliwa mara ya pili. Utapigwa nusu kaputi. Mguu utavutwa kwa mashine mpaka kichwa kitengane na kikombe kwa kama sentimita moja, wapate pa kupitisha kamera. Matundu mawili au matatu. Nundu inaparuliwa, labramu inashonwa kwa vifundo vidogo vinavyokaa ndani ya mfupa. Utaamka kinena na sehemu za siri zina ganzi kwa sababu ya kinguzo cha kitanda kinachokaa katikati ya mapaja mguu unapovutwa, usiogope, kwa kawaida inakwisha.

India yenyewe sina neno nayo. Neno ninalo kwa yale yanayofuata. Nimewapokea watu wametoka huko na kovu zuri na bahasha nene, hawana hata karatasi moja inayosema wafanye nini wiki ya pili. Nusu ya kazi iko kwenye magongo, baiskeli ya kusimama na miezi ya mazoezi. Tafuta kwanza mtu wa kukufanyisha mazoezi Morogoro au Dar, ndipo ukate tiketi. Na usipande ndege siku chache tu baada ya kisu bila kuzungumza nao habari za damu kuganda mguuni. Kurudi uwanjani hesabu miezi minne hadi sita, na usishangae ikipita.

SWALI

Shikamoo mama. Mwanangu ana miaka 13, ni mnene kidogo, anafanya mazoezi kwenye akademi ya mpira hapa Mombasa. Mwezi sasa anachechemea na kusema goti linamuuma. Goti limepigwa eksirei, halina kitu. Kocha anasema ni kukua tu. Nilisoma safu yako ya nyonga nikajiuliza kama goti linaweza kuwa nyonga.

*Mama Wasiwasi, Mombasa*

JIBU

Barua hii sikuingoja gazeti. Nilimpigia mama huyu jioni ileile, nikamwambia kesho asubuhi ampeleke, asitembee kwa mguu, apigwe eksirei ya nyonga zote mbili, ya mbele na ile ya miguu imepanuliwa kama chura. Mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti inashirikiana, ndiyo maana mtoto anashika goti wakati nyonga ndiyo inayoteleza. Kwa watoto wa umri huo, hasa wenye mwili, kichwa cha paja kinaweza kuteguka taratibu pale kwenye sahani ya kukulia, lile tabaka laini mfupa unapokulia, kama koni ya aiskrimu inayodondosha tonge lake. Kikiteleza chote kwa ghafla, damu inakatika na kichwa kinakufa. Kikishikwa mapema, ni skrubu moja.

Mwanawe amewekewa hiyo skrubu, na anaendelea vizuri. Naiandika hapa kwa ajili ya kina mama wengine na kwa makocha: mtoto anayechechemea hana "kukua tu" mpaka nyonga ipigwe picha. Kichwa kilichoteleza kikapona vibaya huacha nundu ileile ya mwalimu wetu wa Morogoro, mara nyingine kubwa kuliko yake.

SWALI

Bi Chuma, mimi ni Mtanzania niko Leicester, nina miaka 34. Nimepasuliwa nyonga kwa matundu, leo ni wiki ya 18. Nilidhani kwa kuwa ni matundu ningepona kwa wiki mbili. Bado nikikaa muda mrefu kwenye gari inauma, na pembeni ya paja kuna mahali sihisi kitu nikijikuna. Je, operesheni imeharibika?

*Mwenye Magongo Kabatini*

JIBU

Mdogo wangu, matundu ni ya ngozi tu. Mle ndani wamepasua mfuko wa kiungo, wameparua mfupa, wameshona labramu. Ngozi imepona kwa wiki mbili kweli, mfupa haukusikia habari hiyo. Wengi hupanda taratibu kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Mimi mwenyewe wiki ya 18 nilikuwa naingia kwenye gari kwa kutanguliza makalio, halafu naingiza miguu yote miwili pamoja, kama bibi harusi aliyebanwa na gauni.

Sehemu isiyohisi ni mshipa mdogo wa fahamu wa ngozi ya paja, unapita karibu kabisa na matundu. Mara nyingi hurudi kwa miezi, ukianza na kuwashawasha. Wengine hubakiwa na kijisehemu, haudhoofishi mguu.

Kitu kimoja ndicho kinachonifanya nikuulize zaidi. Maumivu ya sasa ni yaleyale ya zamani, ule mbano wa ghafla ukiinama, au ni uchovu unaopanda kadiri siku inavyokwenda? Uchovu ni wa kuongeza mazoezi na kupunguza safari ndefu. Mbano uleule uliokupeleka hospitali, usioguswa hata kidogo na operesheni, uwaambie wakupige picha tena waone kama kuna nundu iliyobaki. Na uliza milimita.

Wiki ya 26 niandikie tena, uniambie kama umeweza kuvaa soksi ya mguu huo ukiwa umesimama.